MREJESHO: Wosia wa Robert Keayne wa Boston

Niliuliza kwa nini Keayne, mlowezi na mfanyabiashara wa Boston, aliacha wosia wa kurasa 158, na msomaji auanzie wapi. Asanteni sana kwa majibu. Haya ndiyo yaliyonifungulia njia.

Anzeni na mwaka 1639, si 1653 alipoanza kuandika. Mwaka ule alitozwa faini kwa kuuza bidhaa kwa bei ya kupindukia, na kanisa likamkaripia. Kurasa nyingi ni utetezi wake juu ya jambo hilo, kwa hiyo anayetafuta mgawanyo wa mali peke yake hupotea haraka. Wekeni alama tofauti kwa utetezi, kwa madeni na daftari za hesabu, na kwa zawadi.

Zawadi kubwa kwa mji ni paundi 300 za kujenga jumba la umma lenye soko, mahakama na maktaba. Hazikutosha, wakazi wakachanga nyingine. Keayne alifariki 1656. Jumba likajengwa 1657 hadi 1658, likaungua 1711.

Wengi hudhani mwana wa kwanza alirithi ardhi yote kama Uingereza. Sivyo! Kanuni za 1641 za Massachusetts, koloni lenye mji wa Boston, zilimpa mafungu mawili pale kila mtoto mwingine alipopata moja, tena pale tu marehemu asipoacha wosia. Mjane aliyepunjwa aliweza kulalamika kwenye Baraza Kuu la koloni.

Orodha ya mali isomwe kando: wathamini waliiandaa baada ya kifo, hivyo mara nyingi hailingani na makadirio ya mwenye mali.