Naomba ushauri: meli ya kifahari ya mtoni Ulaya, Rhine au Danube kwa mama mwenye shida ya magoti?

Habari zenu wakuu. Mama anastaafu ualimu, na sisi watoto tumechanga tumpeleke kwenye zile meli za mtoni, unalala chumbani kwako na asubuhi unaamkia mji mwingine. Tumebaki na njia mbili: Rhine, Amsterdam hadi Basel, au Danube, Passau hadi Budapest kupitia Vienna.

Moyo wangu uko Rhine, kwa kile kipande cha Bingen hadi Koblenz: ngome juu ya mashamba ya mizabibu, na ngome ya Pfalzgrafenstein imesimama katikati ya maji pale mji wa Kaub. Hofu yangu ni kina cha maji. Mwaka 2018 na 2022 ukame ulishusha mto hapo hapo Kaub, na meli ikishindwa kupita abiria huhamishiwa kwenye mabasi. Mama basi la siku nzima haliwezi.

Mliowahi kwenda, Mei ni afadhali kuliko Agosti? Njia ya kupanda ngome ya Marksburg ataimudu, au abaki tu sitahani? Na viza ya Schengen huombwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Meli ikivuka mpaka usiku, siku hiyo inahesabiwa wapi?