Nimelipa nipangiwe risiti za nyumba, nimerudishiwa takataka

Wenzangu wenye nyumba za kupangisha, nimekasirika na sinyamazi.

Nina nyumba mbili Kisauni. Mwaka jana nilikarabati paa na mabomba, na mkopo wa benki bado naulipa. Ndiyo maana sikubaki kwenye ule ushuru wa kila mwezi wa wenye nyumba, asilimia 7.5 ya kodi yote ya wapangaji hata kama umeitumia kuziba paa. Niliiandikia KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, nihesabiwe kwa mwaka, gharama zitolewe kwanza. Huko bila risiti huna neno. Tena tangu Januari 2024, fundi au duka lisipokupa ankara ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, gharama hiyo haihesabiwi.

Nikawapa kazi watu wanaojitangaza kupanga risiti na kuzihifadhi kwenye kompyuta. Pesa walitaka zote mbele, nikatoa. Nimeletewa rundo la picha zisizo na majina! Risiti ya saruji imelaliwa na ya rangi, jumla haionekani. Ya mabomba imekatwa palepale penye nambari ya ankara. Ipi ni ya nyumba gani? Hakuna aliyeandika.

Lakini lililonichoma ni zile risiti za mashine, karatasi laini inayochapwa kwa joto. Wamezipitisha kwenye mashine ya kulamineti, inayoziba karatasi ndani ya plastiki kwa moto, eti zidumu. Karatasi ile ikipata moto huwa nyeusi tii. Nimekabidhiwa vipande vyeusi ndani ya plastiki, safi kabisa, havisomeki hata herufi moja. Na sheria inanitaka nitunze kumbukumbu miaka 5! Duka la hadwea wamenitolea nakala, Mungu awabariki. Muuza mbao keshahama, simu haishiki.

Nilipokwenda kuuliza, kijana wao akaniambia, "Mzee, si picha unazo?" Picha hata mimi napiga. Nilichokulipa ni kuandika tarehe, muuzaji, nambari ya ankara, kiasi, nyumba, na kama ni matengenezo au ujenzi mpya, maana hivyo viwili mbele ya ushuru si kitu kimoja. Kazi hiyo haikuguswa.

Jina lao silitaji, ila wanajijua. Nataka pesa yangu yote, na wao wenyewe wazunguke madukani kutafuta nakala za walizounguza. Ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka kwa KRA, mwisho ni 30 Juni, na faini ikija itaandikwa jina langu, si lao.

Nani mwingine amefanyiwa hivi? Na aliyepata mtu wa kazi hii anayeifanya sawasawa hapa Mombasa, tafadhali anielekeze.