MacBook Pro 15 ya 2011 au Dell Precision 7510 ya mtumba: chipu ya grafiksi na waranti

mhariri_video

Wakuu, habari za leo. Nimebakiwa na laptopu mbili za kuchagua, zote mtumba, zote ziko Kariakoo. Kazi ni kuhariri video za harusi, 1080p. Ya kwanza ni MacBook Pro inchi 15 ya mwanzoni mwa 2011, i7, na muuzaji anaipigia debe kwa sababu "ina Radeon", yaani chipu ya grafiksi ya AMD. Ya pili ni Dell Precision 7510 iliyotoka Uingereza, ina Quadro M1000M, chipu ya grafiksi ya Nvidia. Bei haziachani sana, na kila duka linatoa waranti ya miezi mitatu.

Nimesikia chipu za grafiksi za Mac hizo hufa na kwamba Apple huzitengeneza bure. Bado wanafanya hivyo? Hiyo Dell, waranti yake ya Uingereza inafika hadi Dar? Na nikiwa dukani na nusu saa tu mkononi, nipime nini?

FundiBodi

Mac achana nayo. Ubovu wa Radeon kwenye mashine za 2011 si uvumi wa mtaani. Wateja wa Marekani walifungua kesi Oktoba 2014, na Februari 2015 Apple ikatangaza mpango wa kutengeneza bure inchi 15 na 17 za 2011, pamoja na Retina ya inchi 15 ya katikati ya 2012 na ya mwanzoni mwa 2013. Mpango huo ulisogezwa mbele hadi tarehe 31 Desemba 2016, au miaka minne tangu mashine iuzwe mara ya kwanza. Kwa mashine ya 2011 umekwisha zamani. Anayekwambia "ikifa utaipeleka Apple" anakuuzia maneno.

Si mara ya kwanza kwa jambo hili. Mwaka 2008 Nvidia walitenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zikifa kupita kiasi, na wao wenyewe walitaja udhaifu wa malighafi za kufungashia chipu. Ndizo zilizoua HP Pavilion dv2000, dv6000 na dv9000. HP na Dell waliongeza mwaka mmoja wa waranti kwa modeli walizozitaja, na Apple ikafikisha miaka minne kwa GeForce 8600M GT. Kwenye dv6000 zenye chipseti ya Nvidia dalili ya mwanzo mara nyingi haikuwa kwenye kioo kabisa: Wi-Fi ilipotea kwanza, picha ikafuata. Ukikuta mojawapo bado inauzwa, pita.

Chanzo ni joto la kupanda na kushuka. Ndani ya chipu kuna kipande cha silikoni kilichokaa juu ya kibao chake kwa vinundu vidogo vya lehemu, halafu kibao hicho nacho kimekaa juu ya bodi kwa vijipira vikubwa zaidi. Silikoni na kibao havitanuki kwa kiwango kimoja. Kila ukiwasha na kuzima, vinundu vinavutwa, na gundi iliyojazwa katikati ikilainika mapema kwa joto haivishiki tena. Ufa unaanza hapo. Kwa Nvidia za 2008 ufa ulikuwa ndani ya chipu, si kwenye vijipira vya chini, kwa hiyo kureboli chipu ileile (kuing'oa na kuiwekea vijipira vipya) ni kubadilisha kitu ambacho hakijaharibika. Kwa Radeon za 2011 ile kesi ililaumu lehemu isiyo na risasi, lakini mezani mambo yanaelekea kulekule: chipu ya zamani ukiireboli inarudi, ukiweka mpya kabisa inakaa.

Chumvi_Mbili

Nijibu la kupima. Nusu saa inatosha ukienda na flashi yenye HWiNFO (ya kusoma joto) na FurMark (ya kuisukuma chipu ya grafiksi hadi mwisho), pamoja na kebo ya kuunganisha skrini ya nje.

Kwa Dell, ikiwa imezimwa, shikilia herufi D kisha bonyeza pawa. Kioo kitapitisha rangi moja moja: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, bluu. Jaribio hili ni la kioo chenyewe, halipiti kwenye Quadro. Mistari ikionekana hapa, kosa ni la kioo au kebo yake. Kisha washa kwa F12, chagua Diagnostics, iache imalize.

Sasa ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla ya Windows) kwa F2, sehemu ya Video, uondoe tiki ya Switchable Graphics. Bila hivyo kioo kinachorwa na Intel na Quadro inaweza kuwa imekufa bila wewe kujua. Ukiiondoa, kila kitu kinapita Quadro. Windows ikiwaka, fungua Device Manager uangalie kama Quadro ina alama ya njano na Code 43, yaani Windows imeisimamisha kwa hitilafu. Baada ya hapo washa FurMark dakika 15, HWiNFO ikiwa wazi pembeni. Nyuzi 75 hadi 85 ni kawaida kwa mashine ya namna hii. Ikipita 90 ndani ya dakika chache, pasta ya joto imekauka au mapezi ya feni yamejaa vumbi; hiyo inarekebishika. Kisichorekebishika kirahisi ni vinukta vya rangi, pembetatu zinazochomoza, kioo kuwa cheusi kisha kurudi, au mashine kujizima huku joto likiwa chini.

Vikitokea vinukta, piga picha ya skrini kwa PrtSc, uitazame kwenye simu yako au skrini nyingine. Vikiwemo ndani ya picha, vinatoka kwenye chipu, memori yake au draiva. Visipokuwemo, tazama kioo na kebo kwanza. Mistari inayoonekana tangu nembo ya Dell, kabla Windows haijaanza, huwezi kuisingizia draiva.

Malizia na Event Viewer, Windows Logs, System. Tafuta tukio 4101 au jina nvlddmkm: ni draiva ya Nvidia ikilalamika kwamba chipu iliacha kujibu. Lakini tazama pia tarehe ya tukio la zamani kuliko yote. Ikiwa Windows imewekwa juzi, logi safi haithibitishi chochote.

FundiBodi

Naongeza la Mac, maana kuna ujanja unaofanyika. Kila inchi 15 ya 2011 ilitoka kiwandani na grafiksi mbili, Intel HD 3000 na Radeon (6490M, 6750M au 6770M). Fungua System Report, Graphics/Displays. Ukiona Intel peke yake, Radeon imefichwa kwa makusudi kwa sababu ni mbovu. Ikionekana, nenda Energy Saver, ondoa tiki ya Automatic graphics switching ili uilazimishe kufanya kazi, halafu chomeka skrini ya nje. Tundu la Thunderbolt la mashine hizo, lenye umbo la Mini DisplayPort, linapata picha kutoka Radeon tu.

Kisha mwombe muuzaji uiwashe upya ukishika Option, Command, P na R hadi usikie mlio wa pili. Hiyo inafuta NVRAM, memori ndogo inayohifadhi mipangilio ya kuwasha, na mipangilio mingi ya kuificha Radeon hukaa humo. Akikataa, umeshapata jibu.

mhariri_video

Nimemrudia muuzaji wa Mac. Amekiri kwamba "iliwahi kusumbua" lakini fundi wake aliichoma chipu na sasa iko fiti. Si ina maana imeshatibiwa?

FundiBodi

Hapana. Lehemu isiyo na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 217, ile ya zamani ya 63/37 (bati na risasi) kwenye 183. Anayechoma kwa hewa ya moto analainisha vijipira vya chini, na joto linatanua vinundu vya ndani hadi nyufa zigusane tena. Mashine inawaka, anapokea hela yake. Baada ya wiki au miezi michache ya kuwasha na kuzima, nyufa zinaachana. Na chipu iliyokaa miaka hewani huwa imenyonya unyevu. Isipookwa kwanza kwa nyuzi 125 kwa saa nyingi, unyevu unageuka mvuke na kuivimbisha kwa ndani. Hapo hata kuamka haiamki tena.

Mkifungua kifuniko cha chini, bodi yenyewe itawasimulia: flaksi (dawa ya kusaidia lehemu kushika) ya kahawia iliyokauka pembezoni mwa chipu, gundi ya kwenye kona iliyokatwa au kuungua, soketi za plastiki za jirani zilizojikunja, vikapasita vidogo vilivyokaa upande au vilivyokosekana. Kazi inayoeleweka ni chipu mpya, vijipira vipya, na mashine ya BGA (ya kulehemu chipu zenye vijipira) inayopasha bodi kutoka chini na juu. Shida ni kwamba "mpya" nyingi za mtandaoni ni chipu zilizong'olewa kwenye bodi nyingine zikasafishwa. Kwa mashine ya 2011 ambayo macOS yake ya mwisho ni High Sierra, hesabu haikubali.

nyavu_za_kilwa

Mimi ninayo hiyohiyo tayari, inaganda kwenye skrini ya kijivu ikiwaka. Niitupe?

Chumvi_Mbili

Usiitupe, inaweza kuishi na Intel peke yake kwa kazi za ofisi. Washa kwa Command na S, na mandhari nyeusi ya maandishi ikija andika mstari huu bila kukosea herufi:

nvram fa4ce28d-b62f-4c99-9cc3-6815686e30f9:gpu-power-prefs=%01%00%00%00

Kisha andika reboot. Ikikataa kwa sababu ya ulinzi wa mfumo, washa kwanza kwa Command, R na S, andika csrutil disable, washa upya, urudie. Kwenye Sierra na High Sierra mara nyingi utalazimika pia kuhamisha faili AMDRadeonX3000.kext kutoka /System/Library/Extensions hadi folda nyingine, ukitanguliza mount -uw / ili diski ikubali kuandikwa. Gharama yake: skrini ya nje haitafanya kazi, kulala na kuamka kunaweza kusumbua, na sasisho la mfumo linaweza kurudisha faili hilo mahali pake.

Mzee_wa_Risiti

La waranti bado halijajibiwa. Waranti ya kiwanda ya kompyuta za ofisi inafuata namba ya mashine, na saa yake ilianza kuhesabu kwa mnunuzi wa kwanza. Kwa Dell, ingiza Service Tag (namba ya mashine) kwenye tovuti yao ya msaada. 7510 zilianza kutoka mwishoni mwa 2015, nyingi zikiwa na miaka mitatu, kwa hiyo hii usiiwekee matumaini. Kwa mashine mpya zaidi yenye siku zilizobaki, omba kwanza uhamisho wa umiliki na wa nchi kwenye tovuti yao. Tag ikiwa bado inasoma kampuni ya Uingereza, huduma inaweza kukwama. ThinkPad zina huduma ya kimataifa kwa baadhi ya modeli, na tovuti ya Lenovo inaonyesha kama yako imo.

Hakikisha namba ya kwenye stika ni ileile iliyo ndani. Fungua PowerShell, andika Get-CimInstance Win32_BIOS, usome SerialNumber. Zikitofautiana au ndani pakiwa patupu, bodi ilibadilishwa.

Kwa hiyo unachonunua kwa kweli ni waranti ya duka, na hiyo ni maandishi. Maduka mengi huandika "haihusu mazabodi na kioo". Chipu ya grafiksi kwenye laptopu nyingi imelehemiwa kwenye mazabodi, maana yake kilicho ghali kuliko vyote hakimo. Dai risiti ya EFD na karatasi yenye namba ya mashine, jina la chipu, neno "grafiksi" kati ya vinavyohusika, na kinachofuata ikishindwa: kubadilishiwa au kurudishiwa pesa, si "tutaangalia". Wakikugeuka, Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji, lakini bila karatasi utaongea nini? Na usimruhusu fundi mwingine kuifungua ndani ya miezi hiyo mitatu.

FundiBodi

Jambo moja linaloipa 7510 ushindi: Quadro yake iko kwenye kadi ya MXM inayofunguliwa kwa skrubu, haijalehemiwa. Ikifa unanunua kadi, bodi inabaki. Precision 5510, ile nyembamba, ina M1000M hiyohiyo lakini imelehemiwa, kwa hiyo soma namba vizuri kabla ya kulipa.

mhariri_video

Nimeelewa, naenda na Dell. Duka limekubali kuandika "grafiksi" kwenye karatasi ila wanataka waranti iwe mwezi mmoja badala ya mitatu. Nikubali?

Mzee_wa_Risiti

Mwezi mmoja ulioandikwa grafiksi ni bora kuliko mitatu isiyoitaja. Ila tumia mwezi huo kweli: toa video ndefu kila siku, izime ipoe, iwashe tena. Ikiwa na ufa, kupanda na kushuka huko kwa joto ndiko kutakakouonyesha mapema.