Dadu la pande 20, karata, madadu ya ludo au simu: mezani kwenu mnatumia nini?

Mzee wa Pantoni
Wakuu, salamu. Tuko watano, tunacheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa kuigiza hadithi ambapo dadu la pande 20 linaamua kama jambo limefanikiwa, kila Jumamosi jioni huku Kigamboni, mimi ndiye mwongozaji, yaani msimulizi na mwamuzi. Tulikuwa na seti moja tu ya madadu, jamaa aliletewa na shemeji yake. Wiki iliyopita, tukiwa kwenye pantoni, kifuko kikafunguka na lile la pande 20 likabiringika mbele ya macho yangu mpaka kwenye upenyo wa mlango. Bahari imelila. Nimezunguka Kariakoo siku nzima. Kila ninayemwuliza dadu la pande 20 ananiletea ludo. Kabla sijaagiza jingine nataka kulinganisha: simu, karata, au madadu matatu ya ludo kwa mpigo. Umeme kwetu ni wa kuvizia, na wawili kati yetu bando haliwafikishi katikati ya mwezi. Na kama mna kanuni mlizotunga wenyewe zikafaa, mwageni hapa.

Kopa Ree
Karata, mkuu, usihangaike. Toa kopa na shupaza, ree mpaka kumi, unapata 20. Kopa zisome zilivyo, 1 mpaka 10. Shupaza ongeza kumi: ree ya shupaza ni 11, kumi ya shupaza ndiyo 20 yako. Changa, vuta, soma. Utamu wake ni huu: karata iliyovutwa usiirudishe mpaka zote ziishe. Dadu halikumbuki kitu, linaweza kukupa 3 mara nne mfululizo ukatamani kulitafuna. Karata zinakumbuka. Nuksi ikishatoka, imetoka.

Binti Sinza
Kaka Kopa, hiyo ya kutorudisha ina tundu, na sisi tulidumbukia. Mdogo wangu ni mtu wa lasti kadi, anahesabu karata hata usingizini. Siku ya joka akajitenga pembeni: mara "nasikiliza mlangoni", mara "najaribu kufungua hili kopo", mara "nachungulia chini ya jiwe". Kila kitu anavuta karata. Mimi nikadhani amenogewa na uchunguzi, kumbe anamaliza namba mbovu! Zilipobaki tatu, 17, 19 na 20, ndipo akachomoa upanga. Joka nililoliandalia wiki nzima halikupata hata zamu ya pili.

Tiba yetu: tia jokari ziwe 21. Jokari ikitoka, changa zote upya, vuta tena. Kwa kuwa hajui itatoka lini, kuhesabu hakumlipi. Na mtu akitaka kuvuta karata kwa jambo lisilo na hatari yoyote, mwongozaji amwambie tu "kopo limefunguka, tuendelee".

Fundi Hesabu
Acheni niseme kuhusu ludo, maana hapo wengi wanaponzwa na wastani. Madadu matatu ya ludo yana wastani wa 10.5, sawa kabisa na dadu la pande 20. Wastani mmoja, tabia mbili. Dadu la pande 20 kila namba ina nafasi 1 kati ya 20. Ludo tatu zinajazana katikati: 10 na 11 peke yake zinakula robo ya marusho yote, na 18 ni mara 1 kati ya 216.

Chukua mpiganaji mwenye +5, yaani anaongeza 5 kwenye anachorusha, anamkabili goblini (kijitu kibaya, adui mdogo) mwenye kinga 15, yaani jumla ifike 15 ndipo pigo limpate. Anahitaji 10 kwenda juu. Kwa pande 20 ni asilimia 55, kwa ludo 62.5, yaani umemrahisishia. Mpeleke sasa kwa adui mwenye kinga 20, anahitaji 15: pande 20 asilimia 30, ludo 9 na kidogo. Vidagaa vinapukutika, papa haguswi. Kuna watu wanaipenda dunia ya namna hiyo, mimi mmojawapo, ila ipange kwa kujua, isikukute mezani. Na kwa kuwa 20 haitoki kamwe, pigo la nguvu, lile la madhara makubwa ambalo kawaida huja kwa 20, lianzie 16: ni mara 10 kati ya 216, inakaribia ile asilimia 5 ya kawaida.

Shabiki wa Mwenge
Simu kwa kurushia tu inatosha, tatizo ni mkono ulioishika. Anarusha, meseji inaingia, zamu yake inarudi bado anacheka na mtu wa Mbagala.

Kwa programu za ramani za mchezo kwenye skrini, Owlbear Rodeo ni nyepesi, inafunguka kwenye kivinjari bila mbwembwe. Roll20 ina vitu vingi zaidi lakini lazima mwe hewani muda wote. Foundry analipia mwongozaji peke yake, tena mara moja. Inakaa kwenye laptop yake na wengine wanaingia kwa kivinjari kupitia waifai ya hapo hapo nyumbani, kwa hiyo bando haliguswi. Ila inataka skrini kubwa, kwenye simu ni mateso. Na laptop ikizima, mnarudi kwa Kopa Ree mkiomba radhi.

Binti Sinza
Fundi, nisaidie ugomvi wa mezani kwetu. Tuna kanuni kwamba ukitoa 1 silaha inakuponyoka au inakatika. Mpiganaji wetu amenuna, anasema anaonewa.

Fundi Hesabu
Anaonewa kweli, dada. Levo ya kwanza anapiga mara moja kwa zamu, nafasi ya 1 ni asilimia 5. Levo ya 5 anapiga mara mbili: nafasi ya kutoa 1 walau mara moja inafika 9.75. Levo ya 20 ana mapigo manne, asilimia 18 na ushee. Kadiri anavyobobea ndivyo anavyozidi kudondosha upanga! Mchawi naye akirusha mpira wa moto hatoi dadu la kushambulia kabisa, wanaorusha ni wanaoungua. Futeni hiyo, au ihusu pigo la kwanza la zamu tu.

Yenye manufaa ni ya dawa ya uponyaji. Kwa kanuni za toleo la 2014 kuinywa kunakula tendo lako zima, lile jambo kuu moja la zamu, unapata wastani wa pointi 7 za uhai, na goblini anakurudisha ulikokuwa. Wengi tuliamua anayekunywa mwenyewe atumie tendo la ziada, lile dogo la nyongeza, ili abaki na tendo lake kuu. Toleo la 2024 nalo limeandika hivyo hivyo.

Mgeni wa Kilwa
Mmesahau karatasi. Kanuni za msingi za toleo la tano (lile la 2014), waraka uitwao SRD 5.1, zimewekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons tangu Januari 2023: unaruhusiwa kutafsiri na kurekebisha, mradi utaje chanzo. Mimi nina karatasi ya mhusika ya Kiswahili, napiga fotokopi tu. Ramani nachora kwenye daftari la hesabu la miraba, mraba mmoja futi 5. Uhai wa adui nahesabu kwa kete za bao, na maadui wenyewe ni visoda vilivyoandikwa namba kwa makapeni.

Na ngome za Ulaya za nini? Husuni Kubwa pale Kilwa Kisiwani ina vyumba zaidi ya mia na bwawa la pembe nane, juu ya mwamba unaotazama bahari. Weka chunusi kwenye bwawa, waambie wachezaji wako wana kiu. Basi.

Mzee wa Pantoni
Mrejesho, wakuu. Jumamosi tulitumia karata na jokari ya Binti Sinza. Umeme ulikatika saa mbili usiku na hakuna aliyesimama, tuliwasha mshumaa tukaendelea. Jokari ilitoka mara ya kwanza kabisa kuvuta, watu wakaanza kusema meza ina mkono wa mtu. Chunusi kaondoka na mmoja, bado tunabishana kama alionywa. Dadu nimeliagiza, likifika litakuwa la mwongozaji na halitapanda pantoni bila kamba.

Tatizo limebaki moja. Goblini wangu kumi na wawili, visoda vyenye namba, mama kaviokota asubuhi akaona uchafu wa walevi, katupa vyote. Nani anakaa jirani na baa aniwekee vingine?