Bakshishi ya wahudumu wa chakula harusini: kiasi gani, na ipitie kwa nani?

mhazini_wa_kamati
Wakuu, salaam. Kamati yetu ina harusi ya wageni 250 hapa Dar. Chakula ni bufee, mtu wa chakula anatoza kwa sahani, na wahudumu ni wake. Vinywaji tunanunua wenyewe. Kwenye bajeti tumeandika "chai ya wahudumu" bila kiasi. Tutoe ngapi, lini, na tumkabidhi nani?

Meza_Kumi
Mkuu, anza na mkataba. Kama bei ya sahani ina ada ya huduma, muulize wazi inaishia wapi. Mara nyingi inabaki ofisini, haimfikii anayebeba trei.

Kisha omba orodha ya watu kwa kazi zao. Wageni 250 ni meza 25 za watu kumi. Mhudumu wa vinywaji mmoja kwa meza mbili, hao ni 13. Weka watano nyuma ya bufee, wanne jikoni na watatu wa kuosha vyombo. Jumla 25. Msimamizi na mpishi mkuu 10,000 kila mmoja, wengine 23 wape 5,000: ni 135,000. Waosha vyombo msiwaruke tafadhali. Hawaonekani ukumbini, ndio maana husahaulika, na ndio wanaoondoka mwisho.

dada_wa_stoo
Naongezea: msimkabidhi msimamizi fungu zima. Wengi wao ni vibarua wa siku moja, kesho hawatampata wa kumdai. Msimamizi aite majina, mjumbe wa kamati atoe bahasha mkononi. Noti za 5,000 zitafutwe tangu Ijumaa, 29 zinatosha na akiba ya mbili. Usiku wa manane hupati wakala wa kukuvunjia.

Muda: vyombo vikishahesabiwa na kreti kurudi stoo, kabla gari lao halijaondoka. Ukitoa mapema, wengine wanaaga na meza zinabaki na sahani chafu.

mhazini_wa_kamati
Asanteni sana. Na wageni wanaowapa hela mezani?

dada_wa_stoo
Hiyo ni haki ya mhudumu, msimnyang'anye wala msiichanganye na ya kamati. Tatizo lake ni kwamba vinywaji vinaanza kufuata noti: meza moja imejaa bia, ya wazee pale nyuma hawajapata hata maji. Dawa iko stoo, si kwa mhudumu. Meza zipewe namba, kila anayechukua trei aandikiwe namba ya meza, na raundi ya pili isitoke mpaka meza zote 25 zimepata ya kwanza. Na bakshishi isilipwe kwa bia, hesabu ya chupa haitafunga.

Meza_Kumi
Jambo jingine lina uzito kuliko hiyo 5,000: chakula chao. Watu wanaingia saa nane mchana na kutoka saa sita usiku. Ziandikwe sahani 25 za wahudumu kwenye mkataba, na wale kabla bufee haijafunguliwa. Mkisema watakula kitakachobaki, mara nyingi hakibaki kitu, au nyama inaanza kufichwa jikoni. Usafiri nao uandikwe: gari la mtu wa chakula liwarudishe. Akikataa, ongezeni nauli ya bodaboda juu ya bahasha, maana saa hizo daladala ni za kubahatisha.