Naomba ushauri: monstera yangu ya sebuleni niiweke dirisha gani?

Wakuu, habari za jioni. Nipo Kigoma, Mwanga. Mwaka jana nilipewa monstera, lile ua la majani mapana yenye matundu, asili yake misitu ya Mexico na Amerika ya Kati. Nikaliweka kona ya kabati la tivii. Likarefuka kama linatafuta mtu: vikonyo virefu, majani mapya madogo, hayana tundu hata moja. Nikaambiwa ni giza.

Basi nikalisogeza dirisha la magharibi, linalotazama ziwani. Hapo ndipo nilipoharibu. Jua la saa tisa kiangazi hiki halina mswalie Mtume. Siku nne tu majani mawili yamebabuka, mabaka ya kahawia makavu kama karatasi. Mama watoto ananicheka, eti nimelianika kama dagaa.

Dirisha la mashariki lipo, linapata jua la asubuhi mpaka saa nne hivi, ila mwembe wa jirani unalikinga kidogo. Nilihamishie huko? Au nibaki magharibi, nishushe pazia jepesi na kulirudisha nyuma kama mita moja? Na majani yaliyoungua niyakate, au niyaache maana nusu bado ni kijani?