Binti yangu wa miaka 9 kapigwa mechi nne za chesi, nyingine moja kapewa pointi bila kucheza. Nimlipie tena kocha au niache?

MamaWawili_Ipagala

Wakuu habari za jioni, poleni na upepo wa hapa Dodoma. Nina binti yangu ana miaka 9 yuko darasa la nne. Drafti alifundishwa na babu yake Mpwapwa, likizo moja tu, akarudi anatufunga wote hapa nyumbani mpaka baba yake akawa anakwepa kukaa naye. Alafu mwaka jana kuna kijana wa chuo alikuwa amepanga jirani akamwonyesha chesi, ile sataranji, basi drafti ikatupwa huko, kila siku ni farasi na malkia, hata uji anakunywa huku macho yako kwenye ubao.

Nikatafuta kocha, nikampata mmoja (simtaji), anakuja jumamosi lisaa limoja, elfu themanini kwa mwezi. Miezi miwili yote akamfundisha kitu kimoja, kumfunga mtu kwa hatua nne, malkia anatoka mapema, askofu anamfuata, wanamlenga yule askari aliyekaa pembeni ya mfalme, kwisha habari. Mtaani hapa aliwamaliza wote. Kocha akasema huyu yuko tayari, mpelekeni Dar kwenye mashindano ya watoto. Tukapanda SGR, mimi 31,000 na yeye nusu yake, na kulala na kula na ada ya kushiriki, mnajua wenyewe.

Raundi ya kwanza kakutana na katoto kamevaa miwani, wala hakakushtuka, kakasogeza askari mmoja tu, malkia wa binti yangu akaanza kukimbizwa ubao mzima kama kuku wa sikukuu. Raundi ya pili alimshika malkia, akaona anakosea akamrudisha, akataka kusogeza ngome badala yake, mwenzake akanyoosha mkono, refa akaja akasema umemgusa malkia kwaiyo malkia ndiye anaenda, akaenda akaliwa. Ya tatu wakampa pointi moja bila kucheza na mtu, hapo ndo akalia kabisa, anasema mama hata wa kucheza na mimi wamekosa. Ya nne na ya tano sitaki hata kuzieleza.

Kurudi kwenye treni hajaongea mpaka tunaipita Morogoro, ndo akaniuliza, mama, mbona yule wa miwani alikuwa anakaa tu anaangalia?

Sikuwa na jibu. Sasa mnishauri, niendelee na huyu kocha, nitafute mwingine, au niachane nayo maana mtihani wa darasa la nne ndo huo unakuja na baba yake ameshaanza maneno.

Kiranja_wa_Makole

Laki na sitini gawanya kwa hatua nne, dada umelipa elfu arobaini kwa kila hatua 😂😂 hata bajaji ya usiku wa manane kutoka Mtumba haifiki huko.

Samahani lakini nimecheka peke yangu kama chizi. Wajuzi wanakuja.

Refa_Mbao64

Dada pole, ila katika yote uliyoyaeleza mtoto hajaonewa hata sehemu moja, ngoja nikueleze maana naona hata huyo kocha hakuwaambia sheria kabla hamjapanda treni, na hilo ndo kosa kubwa kuliko zile hatua nne.

Ukigusa umecheza. Hiyo ni sheria ya FIDE, shirikisho la chesi la dunia, haina mtoto haina mzee. Ukiigusa kete yako kwa kukusudia na inaweza kwenda mahali halali, lazima iende. Ukigusa ya mwenzako na unaweza kuila, lazima uile. Kama kete imekaa upande na unataka kuiweka sawa, unasema kwanza kwamba unarekebisha, ndo unagusa, na ni wakati wa zamu yako tu. Vilevile mkono uliochezea kete ndo huohuo unabonyeza saa ya mechi, watoto wengi wanacheza na kulia huku kushoto kumeshalalia saa. Ukicheza hatua isiyo halali ukabonyeza saa, mwenzako anaongezewa dakika mbili (kwenye blitz, zile mechi za haraka sana, ni moja), ukirudia mara ya pili kwa kawaida umepoteza mechi.

Sasa ile pointi ya raundi ya tatu. Mashindano ya watoto mara nyingi yanachezwa kwa mfumo wa Uswisi, maana yake hakuna anayetolewa, kila raundi unapangiwa mtu mwenye pointi kama zako au za karibu. Wachezaji wakiwa witiri, mmoja anabaki bila mtu, na anatafutwa kule chini kwenye pointi chache ambaye hajawahi kupata hiyo bahati. Binti alikuwa na sifuri baada ya raundi mbili, ikamwangukia yeye. Ungemweleza hivyo asingelia, kwaiyo next time muelezeni kabla.

Na hako kenye miwani kamefanya kitu cha kawaida tu. Herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari: mweupe e4, mweusi e5, malkia h5, farasi c6, askofu c4, hapo mweusi anasogeza g6, malkia kapigwa kofi. Anarudi f3 anatishia tena palepale, mweusi anatoa farasi f6 anaziba. Hesabu sasa, mweusi ana farasi wawili nje, wewe una malkia anayezurura. Hicho kitu kinafanya kazi kwa mtu ambaye hajawahi kukiona, na kwenye mashindano kila mtu ameshakiona.

Halafu usiwe na haraka ya umri. Makundi ya watoto yanaenda kwa miaka miwili miwili, chini ya 8, 10, 12 na kuendelea, na umri unahesabiwa ulipokuwa na miaka mingapi tarehe 1 Januari. Kama januari alikuwa na 9, mwaka mzima yuko chini ya 10.

Kiranja_wa_Makole

Refa kumbe ile kubonyeza saa na mkono mwingine ni kosa?? Mi nimecheza hivyo toka 2015 na hakuna aliyeniambia.

Refa_Mbao64

Hakuna aliyekuambia kwa sababu unacheza kijiweni.

Ticha_Chamwino

Mbukwenyi wote. Mimi ni mwalimu wa msingi, nina kikundi cha chesi huku wilayani Chamwino, mbao tano watoto ishirini na kitu, mbao mbili ndo za kununua, hizo nyingine tumechora kwenye maboksi ya kaunta na kete ni vizibo vya soda tumeandika herufi kwa maka pen, M ya mfalme, ML malkia, N ngome, A askofu, F farasi, askari hatuandiki kitu. Adui yetu mkubwa sio wapinzani ni upepo, mwezi wa saba ukivuma hapa kizibo hakikai, nimeshaona mtoto analalamika farasi wake ameliwa kumbe yuko chini ya mwarobaini.

Mama, nimesoma sehemu moja ya maelezo yako nikatabasamu. Umesema alianza na drafti. Basi nakuambia bila kumuona, huyo mtoto anakula kila kitu. Ndivyo au sivyo? Kwenye drafti kula ni lazima, ukiwa na ya kula unakula, na mtego wote wa drafti ni kumlazimisha mwenzio ale ili wewe ule mbili. Mtoto akihamia chesi mkono unabaki na ile sheria, anaona askari amekaa pale anamchukua, haangalii nyuma yake kuna nani. Mwaka wa kwanza watoto wangu wote waliotoka kwenye drafti walikuwa hivyo, wazuri wa kuhesabu mbele, hatua tatu nne anaziona vizuri kabisa kuliko hawa wengine, lakini akiwekewa chambo anameza na ndoano.

Dawa yangu ilikuwa ndogo tu. Kabla hajagusa, anasema kwa mdomo, kwa sauti, "yeye anataka nini?" Siyo mimi nataka nini. Yeye. Wiki mbili darasa lote kelele kama soko la Majengo, mwalimu mkuu akaja kuuliza kuna nini. Baadae wanaanza kusema kimoyomoyo, na hapo ndo unaona anakaa tu anaangalia, kama huyo wa miwani aliyemshangaza binti yako.

Na sianzi na kete zote. Naanza na askari peke yao, nane kwa nane, hakuna mfalme hakuna nini, wa kwanza kufika mwisho ameshinda. Wanacheza hivyo siku kadhaa. Kisha naongeza mfalme. Kisha mfalme na ngome dhidi ya mfalme mtupu, mpaka aweze kumfunga bila kusaidiwa, maana nimeona watoto wanaongoza kwa ngome nzima alafu mechi inaisha sare kwa sababu hajui kumalizia. Openingi, yaani hatua za kuanzia mechi, nafundisha mwishoni na kwa sentensi moja, toa farasi na maaskofu, mfiche mfalme, malkia atulie nyumbani.

Kuhusu hela, usimlipe mtu kwa mwezi kabla hujamkalia kipindi kimoja ukaona anafanya nini. Kocha anayecheza na mtoto mechi tano, anamfunga zote tano anaondoka, huyo anapumzika kwako. Mzuri anacheza moja, kisha mnairudia mwanzo mpaka mwisho anamuuliza hapa uliwaza nini. Kule Kampala kwenye mtaa wa Katwe, kocha Robert Katende alianza na watoto na uji, ndo akatoka Phiona Mutesi, yule bingwa wa chesi wa Uganda. Mimi nina karanga. Jumamosi njoo naye, bure.

BabaD_Kisasa

Ticha kamaliza, mimi naongezea upande wa sisi wazazi maana naona dada hajasema yeye alikuwa amekaa wapi wakati mtoto anacheza 😅

Mimi nilitolewa ukumbini. Nasema bila aibu. Mwanangu alikuwa anaongoza, ana ngome mbili mwenzake ana moja, mfalme wake amefichwa pembeni vizuri na askari watatu mbele yake hawajasogea hata mmoja. Nikaona ngome ya mwenzake inakuja mstari wa mwisho. Mdomo ukatoka wenyewe, "toboa dirisha!" Nyumbani tunaita hivyo, kumsogeza askari mmoja mbele ya mfalme apate pa kupumulia. Ukumbi kimya, watoto sijui sitini, wote wakanigeukia. Mzazi wa yule mwingine akasimama, refa akanishika bega akanitoa nje kistaarabu, na mwanangu kwa kuchanganyikiwa wala hakutoboa, akafungwa palepale kwenye kona. Nilikaa nje chini ya mti na wauza zabibu mpaka raundi ya mwisho.

Refa nieleze kama nakosea, mtazamaji haruhusiwi kusema chochote si ndiyo? Hata ukiona kosa.

Toka siku hiyo nakaa mbali, nakunywa chai, akitoka simuulizi umeshinda, namuuliza umeandika? Ana kauntabuku, kila mechi anaandika hatua zake. Kwenye zile mechi za haraka sio lazima kuandika lakini nyumbani anaandika, na faida ambayo sikuitegemea ni kwamba mkono ukishika kalamu hauwezi kushika malkia. Jaribu hiyo.

Na za simu, Lichess ni bure kabisa haina matangazo, kuna mafumbo humo, mafumbo kumi kwa siku bando linakwenda kidogo sana. Ila mzuie mechi za dakika moja moja, zinarudisha ule ugonjwa wa mkono.

Refa_Mbao64

Hukosei. Ukiona kosa unamwambia refa peke yake, pembeni, sio mchezaji. Na simu ya mchezaji isiwe mfukoni, mtoto akikutwa nayo anaweza kupoteza mechi, iache na mzazi nje.

MamaWawili_Ipagala

Jamani asanteni, nimesoma yote na baba yake pia amesoma, ile hesabu ya elfu arobaini amecheka wiki nzima. Kocha nimemwambia tupumzike kwanza, akasema mtoto hana kipaji, nikamwambia sawa.

Ticha ulijuaje hiyo ya kula 😭 nilikaa naye jioni nikaangalia, kweli, anachukua kila kitu kama amefunga siku tatu. Nikamwambia akalie mikono, sema yeye anataka nini, mwanzo alinuna.

Mrejesho mwingine, babu yake amekuja juzi kutoka Mpwapwa kwa ajili ya macho, akamkuta na ubao, akakaa pembeni anaangalia. Binti anacheza na kaka yake, kaka kaacha ngome wazi kabisa. Babu akavumilia akashindwa, akasema we mtoto kula, si unaiona hiyo? Yeye mikono iko chini ya mapaja wala hakugeuka, akamjibu babu huku kula sio lazima, subiri kwanza nimuangalie anataka nini. Akaangalia weee, kisha akaila, kumbe ilikuwa ya bure kabisa kaka yake alisinzia tu. Babu akasema mchezo gani huu wa kuitazama nyama mpaka ipoe, akaenda kulala.

Ticha jumamosi mnaanza saa ngapi na nije na nini?

Ticha_Chamwino

Saa tatu asubuhi, jua halijakolea. Njoo na vizibo vya Fanta kama unavyo, farasi wawili wameshaenda na upepo.